Mikoko Peke Yake Haitoshi: Ukingo Uliosahaulika wa Mahori ya Mombasa

Uhifadhi ukitajwa Mombasa, picha inayokuja akilini ni ya watu waliovaa fulana za rangi moja, suruali zimekunjwa hadi magotini, kila mmoja na mche wake wa mkoko mkononi. Wanachomeka, wanapigwa picha, wanakwenda zao. Sina ugomvi na mikoko. Ugomvi wangu ni na fikra kwamba mahori yanayokizunguka kisiwa cha Mvita yataokolewa kwa miti pekee, ilhali viumbe wengi wa humo wanategemea vitu visivyovutia macho: tope tupu, uwanda wa chumvi usioota kitu, na nyasi ambazo dalali wa ardhi akizitazama anaona ploti.

Tuanze na jiografia. Kisiwa kiko kati ya mikono miwili ya bahari. Upande mmoja ni hori la Tudor, linaloingilia kati ya Mji wa Kale na Nyali, likapita chini ya daraja, kisha likapanuka kuelekea Mikindani, Junda na Jomvu Kuu, ambako mito ya msimu kama Kombeni huteremsha maji kutoka bara. Upande wa pili ni Kilindini, kwenye bandari. Ukiendelea ndani unaingia Port Reitz, Dongo Kundu na midomo ya Mwache na Mteza. Kaskazini zaidi liko hori la Mtwapa, mpakani na Kilifi. Ndani ya mahori haya maji hayana mawimbi makubwa, kwa hiyo udongo unaoletwa na mito unapata nafasi ya kutua. Hapo ndipo mikoko ilipojijengea makao.

Mpango wa taifa wa kusimamia mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027 unaihesabu mikoko ya Kenya kuwa hekta 61,271. Lamu ina zaidi ya nusu. Mombasa ina 3,771, na kaunti hiyohiyo, kwa sensa ya 2019, ilikuwa na watu 1,208,333. Bandari kubwa kuliko zote za Afrika Mashariki iko humo humo. Kwa maneno mengine, hapa hakuna pori la kufungiwa geti, na yeyote anayehifadhi lazima ahifadhi katikati ya watu.

Sentimita chache za mwinuko

Anayetaka kuelewa jambo hili aanze na maji. Bahari ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua hadi mita 1 hivi. Mvuvi wa Mkupe au Junda hahitaji somo hili. Lakini wapimaji wa ardhi na wachoraji wa ramani wanalihitaji, maana kingo za mahori ni tambarare. Sentimita chache za mwinuko zinatosha kuamua kama mahali patafunikwa na maji kila siku, mara chache kwa mwezi, au mara chache kwa mwaka.

Chini kabisa ni tope linaloonekana maji yakipwa. Halina mti. Anayepita darajani huona uchafu mweusi, lakini ndani ya tope hilo wamejaa minyoo, kaa wadogo, chaza na konokono kwa idadi ambayo msitu hauwezi kushindana nayo. Baada ya tope, mikoko inajipanga kwa zamu. Mlilana husimama mbele ukiielekea bahari. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, kisha mshinzi na mkandaa. Mchu ni wa ajabu kidogo: unapatikana mbele na pia nyuma kabisa, ila ule wa nyuma huwa mfupi, umedumazwa na chumvi. Kenya ina aina 9 za miti ya mikoko, na mafundi wa boriti wa zamani walizijua kwa kugusa gome tu.

Nyuma ya mchu miti inakoma ghafla. Unakuta uwanda mweupe, mkavu, ulionyauka. Sababu ni bamvua. Maji hufika hapo siku chache tu kila mwezi, jua likayakausha, chumvi ikabaki, na kila bamvua ikaongeza nyingine juu yake. Udongo unakuwa na chumvi kuliko bahari yenyewe na mti wowote unashindwa. Kando kando huota mimea mifupi yenye majani manene yanayohifadhi maji. Masika yakija, mvua huosha chumvi, uwanda unageuka kuwa madimbwi ya maji baridi, na kwa wiki kadhaa hujaa wadudu na viluwiluwi. Juu yake tena ndipo zinapoanza nyasi, vichaka, mikoma, na mwisho mashamba ya minazi na mihogo, au siku hizi nyumba za mawe.

Ngazi zote hizi ni makazi mamoja. Hili ndilo jambo ambalo mijadala mingi huliruka, ikakata msitu wa mikoko na kuuweka kwenye sahani peke yake.

Ndege anayeishi sehemu mbili

Mfano ulio wazi kabisa ni wa ndege wa ufuoni. Kuanzia Septemba hivi, kaskazi ikikaribia, makundi ya vitwitwi na sululu hufika pwani yetu kutoka kaskazini ya mbali. Mmoja wao ana mdomo mwembamba uliopinda kidogo kuelekea chini, uzito wake ni gramu 60 hivi tu, na huzaliana katika nyanda za barafu za Siberia. Maji yakipwa anakula topeni. Maji yakijaa tope linafunikwa, naye haelei kama bata. Inambidi aende mahali pakavu asubiri saa kadhaa.

Mahali gani? Juu ya mikoko hatui, isipokuwa wachache kama sululu. Wengi wanataka uwanda mtupu wenye upeo mpana, ili kozi akija waweze kumwona mapema. Uwanda wa chumvi na nyasi fupi ndio huo. Wakikosa mahali pa kupumzika karibu na tope wanapokula, wanalazimika kuruka mbali na kurudi, mara mbili kwa siku, na kila safari inachoma mafuta ya mwilini ambayo walipaswa kuyaweka akiba. Mwezi Machi na Aprili akiba hiyo ndiyo uhai wao: ndege anahitaji kuongeza uzito kwa nusu au zaidi kabla ya kuanza safari ya kurudi kuzaliana. Kwa hiyo unaweza kulitunza tope vizuri, ukaitunza mikoko vizuri, kisha ukajenga ukuta juu ya uwanda ulio nyuma, na ndege wakapungua vilevile. Atakayechunguza ataangalia tope, akute chakula kipo, ashangae.

Keremkerem wekundu wao hufanya kinyume. Ni wale walao nyuki, wanaokuja pwani katika miezi ya kaskazi. Mchana huwinda wadudu angani juu ya nyasi na vichaka, na jioni huingia mikokoni kulala kwa mamia. Ukifyeka mikoko wanakosa kitanda, ukijenga juu ya nyasi wanakosa chakula. Hawajui kwamba ofisi inayosimamia kitanda siyo inayosimamia chakula.

Mikoko inakufaje

Utafiti uliolinganisha picha za setilaiti za mwaka 1992 na 2009 ulionyesha kwamba hori la Tudor lilipoteza asilimia 86.9 ya mikoko yake, na Mwache asilimia 45.4. Nimezisoma takwimu hizo mara kadhaa na bado zinanishtua. Nchi nzima haikupoteza mikoko kwa kasi hiyo. Sababu ziko nyingi, na tatizo ni kwamba kila mtu anachukua moja anayoipenda na kuilaumu peke yake.

Ukataji ndio unaotajwa kwanza, na ni kweli. Fito, pau na boriti vimejenga nyumba za Waswahili kwa karne nyingi, na vingine vilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni mpaka serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Siku hizi soko ni la ndani: kuni za jikoni, miti ya kujengea mitaa ya mabanda, na kuni za kupikia chang'aa. Hili la mwisho halipendwi kuandikwa. Ndani ya mikoko kuna kuni, kuna maji, kuna maficho, na askari hana hamu ya kuzama kwenye tope hadi kiunoni. Pombe hupikwa humo humo.

Lakini hata panga likisimama leo, kuna udongo. Katika mvua za El Niño za 1997 na 1998, mito ilishusha mashapo mengi kiasi kwamba mikoko ya Mwache ikafa imesimama. Mwaka 2006 ikatokea tena. Mkoko haufi kwa tope kama tope. Unaishi kwa tope. Unakufa tope likija mengi kwa mara moja, kwa sababu mizizi yake hupumua juu ya ardhi. Ile mizizi midogo ya mchu inayochomoza wima ni pua zake, na ikifukiwa mti unakosa hewa. Chanzo cha udongo huo hakipo Mombasa. Kipo juu, kwenye miteremko ya Kwale na Rabai iliyofyekwa kwa ajili ya mahindi na makaa. Mkulima wa Rabai na mvuvi wa Jomvu hawajuani, lakini wa kwanza akipanda bila kontua, yale matuta ya kuzuia mmomonyoko, wa pili atakosa kamba wa kuvua.

Sasa bwawa linajengwa katika Mto Mwache ili Mombasa ipate maji ya kunywa, jambo ambalo kila mkazi anayenunua maji kwa mkokoteni analiombea. Bwawa litazuia mashapo. Ni habari njema kwa mti unaofukiwa, ila mikoko pia inahitaji udongo kidogo kidogo ili iweze kuinuka bahari inapopanda, na inahitaji maji baridi kidogo ili chumvi isizidi. Kutoka kupata mengi mno hadi kukosa kabisa ni hatua fupi. Jinsi maji yatakavyoachiliwa, na wakati gani wa mwaka, ni swali la kiikolojia kama lilivyo la uhandisi.

Kuhusu mafuta nitasema machache. Mwaka 1988 yalimwagika Makupa, na Aprili 2005 meli moja ilivujisha mafuta ghafi bandarini yakaingia mikoko ya Port Reitz. Mafuta huziba vinyweleo vya mizizi, na yakishaingia kwenye tope lisilo na hewa yanakaa miaka mingi. Maji taka ya mitaa kama Mikindani nayo hutiririka horini. Kiasi kidogo mikoko huyachuja, tena vizuri kuliko mitambo tuliyonayo, ila kaa na chaza wanaovunwa hapo huliwa na watu.

Taka ngumu zina mkosi wa peke yake, nao ni kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, wakasambaa pwani nzima. Jaa la taka likiwa wazi, kunguru wanaongezeka, na kunguru akishiba taka bado anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaua kwa sumu. Wengine walipinga. Mimi nadhani sumu bila kufunga majaa ni kufuta maji sakafuni bomba likiwa wazi. Jaa la Kibarani, lililokuwa limekaa ukingoni mwa maji kila mgeni aliona na kunusa, lilifungwa mwaka 2018 na mahali pake pakapandwa miti na majani. Taka zenyewe zilihamishiwa Mwakirunge. Nako kuna ndege.

Mpaka unaolala chini ya maji

Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, wakati wa ukoloni. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaorodhesha ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Kwa hiyo tope ni la umma na mikoko ni ya umma. Huwezi kupewa hati ya kumiliki mkoko kihalali, ingawa hati za namna hiyo zimewahi kuonekana, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Tatizo linaanza pale mstari unapoishia. Uwanda wa chumvi unafikiwa na bamvua kubwa tu. Je, uko chini ya alama ya maji kujaa au juu yake? Mpimaji akienda siku ya maji mafu atakuta ardhi kavu, imepasuka, haina hata unyayo wa kaa. Ataweka jiwe la mpaka. Wiki mbili baadaye jiwe liko chini ya maji. Kanuni za upimaji zinasema kwamba ardhi ya serikali inayopakana na bahari inapopimwa ili igawiwe, kwa kawaida uachwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya maji kujaa. Ni kanuni nzuri. Ila inahusu ardhi ambayo bado haijagawiwa, na sehemu kubwa ya ukanda wa pwani iligawiwa zamani sana. Sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyohusu ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, iliwataka wenye madai wajitokeze waandikishe. Wengi hawakuandikisha, ama hawakujua, ama walifungiwa njia. Ndiyo maana hadi leo kuna familia zinazoitwa maskwota juu ya ardhi waliyozikwa babu zao, na kuna wenye hati ambao hawajawahi kuikanyaga.

Katika hali hiyo, nyasi zilizo nyuma ya mikoko zina mwenyewe kwenye karatasi, zina wakaaji juu yake, na hazina mlinzi. Kwa ngazi za chini walinzi wamezidi. Mti ni wa Huduma ya Misitu. Mnyama na ndege ni wa KWS, yaani Huduma ya Wanyamapori. Samaki ana idara yake. Maji ya bandari yana Mamlaka ya Bandari. Uchafuzi ni wa NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira, taka ni za kaunti, na ardhi ya umma iko chini ya Tume ya Taifa ya Ardhi. Kitwitwi mmoja katika siku moja ya bamvua huvuka mipaka ya ofisi nne au tano, kisha anatua mahali pasipo na ofisi yoyote.

Kuna Mbuga ya Taifa ya Bahari ya Mombasa na hifadhi inayoizunguka, zilizoanzishwa mwaka 1986, lakini hizo zinatazama matumbawe na maji ya nje. Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, ambao Kenya iliingia mwaka 1990, una maeneo sita nchini. Matano ni maziwa ya Bonde la Ufa, na la sita ni Delta ya Tana. Mombasa haimo.

Hamu ya kupanda

Nirudi kwa wale wa fulana. Serikali imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Katiba inataka angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti. Taasisi zikipewa lengo la miche, zitatafuta mahali pa kuichomeka. Mche wa mkoko ni rahisi kupita yote: mbegu yake ni ndefu, imeshaota ikiwa bado mtini, unaichomeka tu. Na mahali panapofikika bila ugomvi wa ardhi ni topeni, mbele, chini ya mstari wa maji, kwa sababu huko hakuna mwenye hati. Basi miche hupandwa mahali ambapo mikoko haikuwahi kuota. Inafunikwa na maji muda mrefu mno, chaza wadogo wanaiganda, mikondo inaing'oa. Mingi hufa. Ikiwa kwa bahati mbaya imekubali kuota, basi tumegeuza meza ya ndege kuwa kichaka.

Mikoko iliyofyekwa mara nyingi hujiotea yenyewe iwapo maji yanaingia na kutoka kama zamani na mbegu zinafika. Swali la kwanza linapaswa kuwa: kwa nini haijaota? Kama ni tuta la barabara limeziba maji, toboa tuta. Kama ni ng'ombe wanakula machipukizi, zungumza na mwenye ng'ombe. Kupanda ni hatua ya mwisho, na mahali ni palepale mikoko ilipokuwa, kwa aina ileile iliyokuwapo, siyo mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni rahisi kuokota.

Nyasi nazo zina adui huyu huyu. Jicho letu limefunzwa kuona nyasi kama msitu ulioharibika. Twendeni Nguuni, kilomita chache nyuma ya Bamburi. Ni hifadhi iliyo chini ya kampuni ya saruji ileile ambayo mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje kwenye machimbo yake, mahali panapojulikana leo kama Haller Park. Haller Park ina sifa zake, na urafiki wa kiboko Owen na kobe Mzee uliifanya ijulikane dunia nzima baada ya tsunami ya 2004. Ila kwa mada yetu Nguuni ina somo kubwa zaidi: nyanda za nyasi, mikoma iliyotawanyika, mabwawa yenye ndege wa maji, na pofu, choroa, mbuni na twiga wanaozunguka. Wanyama hao wanafanya kazi. Wanakula nyasi zikabaki fupi, wanakanyaga machipukizi ya vichaka. Waondoe wote, usiruhusu na ng'ombe, na baada ya miaka michache uwanda utafungwa na miiba. Kwa hiyo uhifadhi wa nyasi siyo uzio na kufuli. Ni kuamua nani atachunga, lini, na wangapi, na hapo mfugaji wa Mijikenda au Mwarabu mwenye mbuzi zake anaweza kuwa mshirika badala ya mvamizi.

Pa kurudi nyuma

Bahari inapanda. Mikoko ina njia mbili za kuishi nayo: kuinuka juu ya mashapo inayoyakusanya, au kuhamia nyuma, kizazi baada ya kizazi, kuelekea uwanda wa chumvi. Nao uwanda uhamie kwenye nyasi. Mfumo mzima unaweza kusogea, ikiwa nyuma yake kuna nafasi. Ukuta wa mawe ukijengwa mita 2 nyuma ya mchu wa mwisho, hauui mti wowote leo. Tathmini ya mazingira itasema kwa ukweli kabisa kwamba hakuna mkoko uliokatwa. Mti unauawa miaka 40 ijayo, ukibanwa kati ya maji na saruji, na wakati huo aliyetia saini atakuwa amestaafu.

Barabara na reli zinaweza kufanya vivyo hivyo, au zisifanye, kutegemea namna zilivyojengwa. Tuta huyazuia maji, daraja la nguzo huyapitisha. Tuta la Makupa, lililojengwa enzi za ukoloni, lilikata maji kati ya upande wa Tudor na upande wa bandari kwa miongo mingi, na hori dogo la Makupa likawa kidimbwi kinachonuka. Lengo mojawapo la daraja jipya, lililofunguliwa 2022, lilikuwa kuyarudishia maji njia yake. Ni nadra mradi wa barabara kuirekebisha bahari badala ya kuiharibu, na sifa hiyo tuitoe. Barabara ya Dongo Kundu pia ilivuka Mwache na Mteza kwa madaraja marefu. Hofu yangu haiko kwenye nguzo hizo. Iko kwenye kile kitakachofuata kandokando, sasa kwamba ardhi iliyokuwa mbali imefikika na eneo maalumu la kiuchumi linajengwa jirani.

Fedha je? Wengi hutaja Gazi, kule Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaihifadhi, tangu 2013 kutokana na hekta 117, na mapato yakaenda kwenye maji na shule za kijiji. Ni mfano mzuri, na hauhamishiki kirahisi. Gazi ni kijiji kinachojuana. Msitu wa Tudor una jirani zake elfu kwa elfu, wengi wapangaji wanaohama, na mkataba wa kaboni unataka uhakikisho wa miaka mingi kwamba mti hautakatwa. Isitoshe, mkataba huo hulipa kwa mti na udongo wa mikokoni. Uwanda wa chumvi na nyasi fupi havina bei sokoni, kwa hiyo mradi ukifaulu sana unaweza hata kuongeza hamu ya kupanda pale pasipotakiwa.

Kinachowezekana kesho asubuhi ni kidogo kuliko hayo. Miradi mikubwa ukingoni mwa mahori hulazimika kuwa na tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana haki ya kuisoma na kutoa maoni kabla NEMA haijatoa leseni. Usiisome yote, ni ndefu na nusu yake ni maelezo ya kunakili. Tafuta kwanza ramani, uone kama mstari wa maji kujaa umechorwa kwa bamvua au kwa siku ya kawaida. Kisha tafuta kama barabara ya kuingilia itapita juu ya nguzo ama juu ya kifusi, na kama kuna kalvati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, ni za upana gani. Mwisho tafuta tarehe ya kuhesabu ndege. Aliyehesabu mwezi Julai atakuwa amekuta tope karibu tupu na kuandika kwamba ndege ni wachache, kwa sababu Julai wengi wao wako Siberia. Ripoti hiyo irudishwe, na mtu atumwe tena Januari, siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa.